Notisi ya siku 90 kwa halmashauri: uzoefu wangu na masjala iliyokataa kugonga muhuri

Masjala ya halmashauri hii naipa nyota moja, na nikimaliza kuandika huenda nikaiondoa. Nasema masjala, sisemi sheria. Utaratibu wa kudai fidia serikalini una mantiki yake na nitausema. Nilikwenda pale kupeleka notisi ya mwananchi ambaye ukuta wake uliangushwa na katapila, na kilichonichefua ni dirisha moja, muhuri mmoja wa tarehe, na mtu mmoja aliyeamua kwamba muhuri huo ni wake.

"Kaka, acha tu barua hapo, mkubwa akirudi ataiona."

"Ahsante dada. Naomba unigongee muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu."

"Hapa hatugongi nakala za watu."

Anayesikia hivi kwa mara ya kwanza ataona ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Tanzania huwezi kuamka asubuhi ukafungua kesi ya kudai fidia dhidi ya serikali kwa sababu katapila limeangusha ukuta wako. Sura ya 5 ya sheria zetu, ile ya mashauri dhidi ya Serikali, inakutaka kwanza upeleke notisi ya siku zisizopungua 90 kwa ofisi unayoidai, na nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Ukifungua shauri siku ya 85, upande wa pili utaweka pingamizi la awali na shauri litaondolewa kabla hata ukuta haujatajwa. Sasa utathibitishaje kwamba siku 90 zimetimia? Kwa muhuri ule ule aliokataa kuugonga. Barua iliyoachwa juu ya meza bila muhuri, mbele ya jaji, ni barua ambayo haijawahi kufika.

Kwa hiyo dada yule hakuninyima wino. Alikuwa anamnyima mwenye ukuta tarehe yake ya kuanza kuhesabu.

Nimeshapeleka notisi za namna hii kwenye ofisi kadhaa, kwa hiyo niseme zinavyopaswa kwenda, kwa sababu wengi wanaangukia hatua ya kwanza kabisa: wanamwandikia asiyehusika. Ukiwa umeharibiwa mali au umeumizwa na gari, soma namba kabla gari halijaondoka. STK, STJ au STL ni gari la serikali kuu, na notisi inakwenda wizarani au idarani. SM ni serikali za mitaa, SU ni shirika la umma, DFP ni mradi wa wafadhili, na hapo inabidi uulize mradi uko chini ya wizara gani. PT ni polisi, JW ni jeshi. Kama ni mtambo wa barabara usio na namba unayoielewa, piga picha ubavuni, mara nyingi jina la mmiliki limeandikwa pale. Na uliza kama mtambo ni wa halmashauri au wa mkandarasi aliyepewa kazi. Mkandarasi ni mdaiwa mwingine, usije ukahesabu siku 90 zote halafu ukaambiwa umekosea mlango.

Ikiwa ni halmashauri, barua inaandikwa kwa Mkurugenzi. Haiandikwi kwa mtendaji wa kata wala kwa mwenyekiti wa mtaa, hata kama ndiye aliyesimama pale siku katapila linafanya kazi. Tangu marekebisho ya 2020, halmashauri, wakala wa serikali na mashirika ya umma wote wamo kwenye siku hizo hizo 90, na ukifika mahakamani lazima Mwanasheria Mkuu aunganishwe kama mdaiwa wa lazima. Ukimsahau, mwenendo mzima unaharibika. Shauri lenyewe linafunguliwa Mahakama Kuu, hata kama unachodai ni ukuta wa mita chache. Hili linaniuma kwa niaba ya watu wa vijijini, lakini ndivyo lilivyo.

Ndani ya notisi hakuna haja ya hasira. Jina lako kamili na unapoishi, nini kilitokea, wapi, lini, nani alifanya na alikuwa kazini kwa kazi gani, hasara gani imepatikana, unadai nini. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Usiandike "fidia stahiki" ukaishia hapo. Gharama ulizokwishaingia na hasara unayoweza kuihesabu lazima zitajwe moja moja na zithibitishwe moja moja. Maumivu na usumbufu ndiyo unamwachia jaji apime.

Na kuhesabu maana yake ni kuhesabu kweli. Chukua ukuta wa mita 12 kwa urefu na mita 2 kwenda juu: hizo ni mita za mraba 24. Tofali za inchi 6 zikisimamishwa kwa ubavu zinakwenda kama 9 kwa mita ya mraba, kwa hiyo 216, na ukiweka za kuvunjika fanya 230. Halafu saruji, mchanga, nondo za linta, ufundi, na kuondoa kifusi. Fundi aandike mchanganuo wake kwa mistari hiyo, asaini, aweke namba ya simu. Nukuu za bei ziwe za maduka mawili tofauti. Kama msingi nao umepasuka, au ni nyumba yenyewe iliyoguswa, mlipe mthamini aliyesajiliwa. Karatasi ya fundi peke yake haitabeba mzigo huo. Risiti ziwe za EFD, yaani za mashine ya kielektroniki, na uzitoe nakala siku hiyo hiyo, kwa sababu karatasi ile inafifia mpaka inabaki nyeupe, na kesi za namna hii hukaa.

Picha zipigwe kabla kifusi hakijaguswa. Moja ya mbali inayoonyesha mtaro, mtambo na ukuta kwa pamoja. Nyingine za karibu, ukiweka futi ya fundi kwenye ufa ili upana usomeke. Watu wengi wana picha 40 za matofali yaliyolala, na hakuna hata moja inayoonyesha kilichoyalaza.

Aliyeumia mwili, fomu ya matibabu ya PF3 kwanza. Inatoka polisi, daktari anaijaza, inarudi polisi. Toa nakala kabla haijarudi, nasisitiza, kabla. Kama ni ajali ya barabarani, omba pia ramani ya ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari kutoka trafiki. Asilimia ya ulemavu iandikwe na daktari baada ya matibabu kufika mwisho. Ukikimbilia mapema unaandikiwa ndogo kuliko unayobaki nayo.

Halafu muda. Madai ya madhara kwa kawaida yana miaka 3, lakini kama kitendo kilifanywa kwa mamlaka ya sheria fulani, ukomo unaweza kuwa mwaka 1 tu, na kazi nyingi za serikali hudaiwa kufanywa kwa mamlaka ya sheria. Ndiyo maana wiki tatu za "njoo kesho" dirishani si usumbufu wa kawaida. Zinakula haki ya mtu. Na kama hatari bado ipo, mathalani wanataka kuendelea kubomoa kabla siku 90 hazijaisha, kuna ombi la zuio linaloweza kupelekwa Mahakama Kuu wakati notisi inaendelea. Mawakili wanaliita Mareva. Hilo usilifanye bila wakili.

Nirudi dirishani. Nilimweleza yule dada kwa utaratibu, nikamwonyesha nakala tatu, nikamwambia nakala hii ni ya mdai, inarudi kwake. Akaniuliza, "Wewe ni wakili?" Nikamwambia barua ni ya mwananchi, haihitaji wakili kupokelewa. Akageuka akaendelea na simu yake. Foleni nyuma yangu ilikuwa na mama mzee ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili, na nilijua kabisa kwamba yeye ataiacha na kuondoka.

Kusema haki, niliwahi kupeleka notisi kwenye ofisi nyingine ya serikali, kubwa kuliko hii, na kijana wa masjala aligonga nakala zote, akaandika namba ya kumbukumbu, akasaini, akanirudishia yangu. Dakika tano. Kwa hiyo siwezi kusema utaratibu mzima ni mbovu, na kwa ajili ya kijana yule nilitaka kupandisha nyota ziwe tatu. Siku 90 zikitumiwa vizuri zinasaidia pande zote: mwanasheria wa halmashauri anakagua, anakuita, mnakubaliana, unalipwa bila kesi. Hukumu yenyewe haiwarahisishii wadai, kwa sababu huwezi kumtuma dalali wa mahakama akamate greda la halmashauri; unapata cheti kinachokwenda kwa afisa masuhuli, yule mwenye dhamana ya fedha za ofisi hiyo, kisha unasubiri bajeti. Mazungumzo ndani ya siku 90 ndiyo njia bora. Lakini mazungumzo hayo hayaanzi mpaka mtu wa dirishani akubali kwamba barua imefika.

Ukikataliwa muhuri, usigombane. Omba kuonana na ofisa utumishi au mwanasheria wa halmashauri. Wakikwama, ipeleke kwa rejesta posta siku hiyo hiyo na utunze stakabadhi, au mtumie msambaza nyaraka wa mahakama ambaye ataapa kiapo kwamba alifika na alimkuta nani.

Mimi nilikwenda kwa mwanasheria wao. Akatoka mwenyewe hadi masjala, na muhuri ukagongwa. Nikafurahi mpaka nilipofika getini nikausoma: tarehe haikuzungushwa, ilikuwa ya wiki iliyopita, siku ambayo barua yenyewe ilikuwa haijasainiwa. Muhuri wa namna hiyo ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili. Nikarudi. Dada akaniambia, "Si ulitaka muhuri? Umepata."

Nyota tatu nazifuta. Inabaki moja, na ni ya yule mwanasheria aliyetoka tena mara ya pili, akakata tarehe ile kwa kalamu, akaandika ya leo, akaweka jina, cheo na saini pembeni.