Fundi aliyeua swichi ya kusimamisha kiti changu

Nilikuwa nimejiandaa kumsifu fundi huyu wa Katuba. Kwa kuchomelea ana mkono mzuri: ule mkono wa chuma unaoshika mrija wa kuendeshea kiti changu cha magurudumu mbele ya mdomo wangu aliutengeneza upya, na mpaka leo haujalegea, pamoja na mashimo yote ya barabara zetu za Lubumbashi. Sasa sijui nimpe sifa gani.

Kiti changu cha umeme kilitoka Ubelgiji, kikashushwa Dar es Salaam, kikaingia kwa njia ya Kasumbalesa. Mikono yangu haifanyi kazi, kwa hiyo ninakiendesha kwa pumzi. Nikipuliza kwa nguvu kinaenda mbele, nikinyonya kwa nguvu kinarudi nyuma. Kupuliza kidogo ni kulia, kunyonya kidogo ni kushoto. Kwenda mbele sipulizi muda wote, ningeishiwa pumzi kabla ya kufika barabarani. Napuliza mara moja, kiti kinaondoka, na hakisimami mpaka ninyonye. Ndiyo maana karibu na shavu langu pana swichi ya kusimamisha. Mate yakiziba mrija, au mrija ukinitoka mdomoni, nagonga swichi kwa shavu, kiti kinasimama palepale.

Swichi hiyo umeme unapita ndani yake muda wote. Ukiigonga ndipo unakatika. Kwa hiyo hata waya wake ukikatika wenyewe, kiti kinakataa kwenda. Ndilo lililotupata katika mvua zilizopita. Waya ulikatikia kwenye plagi, tukasukuma kiti hadi Katuba.

Fundi akamuuliza mpwa wangu, “Mama huyu anasikiaka?” Nimekaa mbele yake! Nikamjibu mwenyewe, nikamweleza waya gani umekatika na swichi ile ni ya nini. Hakunitazama. Alinizunguka kama gunia la makaa lililoachwa njiani, akainama nyuma ya kiti, baada ya muda akasimama. “Iko muzuri. Inatembea.” Akapokea pesa zake.

Kilitembea kweli. Tukiwa njiani kurudi, kwenye mteremko, mrija ukanitoka mdomoni. Nikagonga swichi. Kiti kikaendelea. Nikagonga tena, nikapiga kelele, na mpwa wangu akarukia kitufe cha kuzima huku gurudumu la mbele limeshafika ukingoni mwa mtaro uliojaa maji. Mtu asiyeweza kuogelea wala kushika kitu, ndani ya mtaro ule!

Tulipofungua nyuma tukaona alichofanya. Alimenya nyaya mbili za swichi akazisokota pamoja, ili kiti kiamini swichi ipo na ni nzima. Kukidanganya kiti! Plagi yenyewe ni ile ya milimita 3.5 ya redio na simu za zamani, sokoni haikosekani. Labda hakuelewa kazi ya swichi ile, nilijiambia, si kila fundi amewahi kuona kiti cha namna hii. Lakini nilimweleza! Tuliporudi kwake nikamwambia tena, akajibu, “Mama, kiti kinatembea ao hakitembei?”

Nyaya zile zilitenganishwa na kijana anayetengeneza redio mtaani kwetu. Yeye alianza kwa kuniuliza mimi shavu langu linafika wapi, akafunga plagi mpya, akanisubiri nigonge swichi mwenyewe kabla ya kutaja bei. Hakuwahi kuona kiti kama hiki maishani mwake.

Kama yule wa Katuba amewahi kugusa nyaya za kiti chako, kijaribu mahali pa wazi, kikienda polepole, mtu akiwa karibu na kitufe cha kuzima. Gonga swichi ya kusimamisha. Kikiendelea, usikipande mpaka mtu mwingine afungue nyaya. Nilitaka kuandika kwamba kwa chuma bado mnaweza kwenda kwake. Hapana. Hata chuma msimpelekee.