HMV 102: gramafoni ya kutia ufunguo, kwa mnunuzi wa Tabora na Kigoma

Anayetafuta mashine ya kupigia santuri za zamani, zile nzito zinazovunjika kama kigae, aulizie kwanza HMV 102, gramafoni ya kampuni ya Uingereza ya His Master's Voice. Ni sanduku la kubebeka, aghalabu jeusi, lenye kila kitu ndani yake, na halitumii umeme hata kidogo. Ilianza kuuzwa mwaka 1931 ikaendelea kutengenezwa Uingereza hadi miaka ya 1950, kwa hiyo katika miaka ya mwisho ya 1940 ilikuwa bidhaa mpya ya dukani. Sauti yake ni kubwa kuliko umbo lake, vipuri vyake vingali vinapatikana, na fundi saa au fundi cherehani mwenye mkono mtulivu anaielewa siku hiyo hiyo. Ukikutana na 101 iliyoitangulia (1925 hadi 1931) usiidharau, ila 102 ni imara zaidi na ina breki inayojifunga yenyewe santuri inapokwisha.

Ubora wake unaonekana vizuri ukiiweka mahali pake kihistoria. Mwaka 1949 ilitoka redio ya betri iliyoitwa Saucepan Special, iliyokusudiwa wasikilizaji Waafrika wa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), kule meli ya Liemba ilikokuwa ikikomea Mpulungu. Bei yake ilikuwa pauni 5, yaani shilingi 100 za Afrika Mashariki za wakati ule. Betri yake kavu iliuzwa peke yake, pauni 1 na shilingi 5, nayo ilidumu saa kama 300 tu. Na hapa kwetu, Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951. Kabla ya hapo habari zilisomwa katika Mambo Leo, gazeti la serikali la kila mwezi lililoanza 1923. Mambo makubwa ya miaka ile yaligusa njia hii yetu ya reli: mpango wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga, ulioanza 1947 na kufika hadi Urambo, na kuunganishwa kwa usimamizi wa reli ya Tanganyika na ule wa reli ya Kenya na Uganda mwaka 1948. Muziki nao, nje ya ngoma na dansi za watu wenyewe, ulitoka kwenye gramafoni. Ukishainunua, unagharimia sindano na santuri basi. Nguvu ni ya mkono wako.

Santuri zinazostahili mashine hii ni za mizunguko 78 kwa dakika. Ya inchi 10 inaimba kama dakika 3 kila upande. Humo ndimo utakuta nyimbo za Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay kuanzia 1928 na kufariki 1950. Humo pia mna mfululizo wa GV wa HMV, uliotoka kuanzia 1933 na kuleta muziki wa Kuba mpaka huku, na santuri za Ngoma, lebo iliyoanzishwa Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1948. Kwa Kigoma, inayotazamana na Kongo ziwani, hizi za mwisho zina uzito wa pekee. Usiweke kamwe santuri ya plastiki ya mizunguko 33 au 45. Aina hizo zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948 na 1949, mifereji yake ni myembamba sana, na sindano ya chuma itailima yote kwa mara moja.

Sasa onyo linalookoa fedha nyingi. Zile gramafoni zenye pembe kubwa ya shaba inayong'aa, kisanduku kipya cha mbao na nembo ya mbwa, zinazouzwa kwenye maduka ya vitu vya kale, nyingi ni za kuungaunga. Hutengenezwa kwa mota iliyong'olewa kwenye mashine ndogo iliyochakaa, ikafungwa ndani ya sanduku jipya. Pembe ni nyembamba na inatetemeka, mkono haukai kwenye mstari wa santuri, sindano inavuta upande. Ni pambo la sebuleni. Ukiwa na fedha ya kununua moja ya hizo, tafuta 102 iliyochubuka ngozi. Ngozi hubandikwa upya, mota mbovu ya kubahatisha haina dawa.

Muuzaji akikuletea 102, usianze na sauti. Anza na ufunguo. Hendeli iwe yake na ikae sawasawa kwenye tundu lake, kwa sababu hendeli ya mashine nyingine huharibu nyuzi za skrubu za mle ndani. Zungusha polepole: uzito uongezeke taratibu. Ukizungusha na mkono haupati upinzani wowote, springi imekatika au imechomoka kwenye ndoano yake. Ukisikia "du!" ndani ya mkebe wa springi, grisi ya zamani imekauka, makunjo ya springi yanagandana kisha yanaachiana kwa ghafla. Hilo linatibika, lakini ulitaje wakati wa kupatana bei. Usilazimishe ufunguo kupita pale mkono unapohisi mwisho.

Kisha achia breki, sahani izunguke bila santuri. Sikiliza kutoka karibu. Mvumo laini ni wa kawaida. Mlio wa kukwaruza au kasi inayopanda na kushuka unatoka kwenye gavana, yaani kidhibiti mwendo, ule mhimili wenye vitufe vitatu vya uzito juu ya vipande vyembamba vya chuma. Mara nyingi kinachosumbua ni kipande cha ngozi kinachogusa sahani ya gavana: kikikauka, kinapiga kelele. Tone moja la mafuta ya cherehani linatosha kukilainisha. Kama kimoja kati ya vile vipande vya chuma kimevunjika, mwendo utayumba hata ukitia mafuta kiasi gani.

Baada ya hapo pima mwendo. Weka karatasi ndogo ukingoni mwa sahani, santuri ikiwa inaimba, uhesabu inapita mara ngapi kwa nusu dakika: iwe 39. Kipimo bora ni kadi ya duara yenye mistari 77, inayotazamwa chini ya taa ya umeme wa TANESCO, ambao ni wa hezi 50. Mistari ikionekana imesimama, uko kwenye 78 kasoro kidogo sana. Baadhi ya taa za LED hazipepesi kwa namna inayofaa, na umeme wa jenereta huyumba, hivyo kadi itakudanganya. Pima tena karibu na mwisho wa upande. Mashine inayoanza vizuri kisha ikalegea kabla dakika 3 hazijaisha ina springi iliyochoka au grisi iliyoganda.

Kichwa cha sauti ndicho kitu cha thamani kuliko vyote, na ndicho kinachoibwa au kubadilishwa. Kwenye 102 utakuta mara nyingi namba 5A au 5B. Kigeuze ukitazame nyuma na ubavuni: baadhi ya vichwa vimemiminwa kwa mchanganyiko wa zinki ambao kwa miaka hujivimbisha na kupasuka. Chenye nyufa usikifungue, kitabaki vipande mkononi. Kilicho kizima lakini kinatoa sauti ya bati, au kinachotetemeka kwenye noti za juu, karibu kila mara kina raba zilizokauka. Ndani mna kiwambo cha alumini kilichobanwa kati ya pete mbili za raba. Raba zikiwa ngumu, kiwambo hakipumui. Kwa pete mpya, mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli, ule unaovishwa kwenye pini, unafaa sana, na Tabora haukosekani kwa mafundi baiskeli. Ukate urefu unaokutana bila kupandana, kaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu, kiwambo kikae katikati bila kuvutwa na kijiti cha sindano. Mpira wa dripu unafanana kwa macho lakini ni mgumu; utarudisha sauti ile ile ya bati. Raba ya nyuma, inayokiunganisha kichwa na mkono, nayo ikikauka hewa inavuja na besi inapotea.

Kufungua mkebe wa springi ni kazi ya fundi. Hata baada ya ufunguo wa mashine kuisha wote, springi ndani ya mkebe bado imejikunja kwa nguvu ya kukata vidole. Fundi avae glavu nene na kitu cha kulinda macho, aitoe kunjo moja baada ya jingine, aioshe kwa mafuta ya taa, aikaushe kabisa, kisha aipake grisi iliyochanganywa na unga wa grafiti. Wapo wanaotia mafuta ya kula. Yanaganda kama gundi ndani ya muda mfupi, na kazi inarudiwa kwa gharama ile ile.

Sindano ya chuma hutumika upande mmoja wa santuri, kisha inatupwa. Hapa ndipo watu wengi wanapoona ni ubahili kutii, na hapa ndipo santuri nyingi za Kiswahili zilipoteketea. Santuri imetengenezwa kwa laka iliyochanganywa na unga wa mawe, makusudi ili isage ncha ya sindano ikae sawa na mfereji. Baada ya upande mmoja ncha imeshakuwa na mabega makali, ukiirudia, inachonga. Mifereji ikionekana ya kijivu badala ya weusi unaong'aa, imeshachongwa tayari. Sindano mpya zinatengenezwa hadi leo na huuzwa kwa vikebe au pakiti; agiza nyingi kwa pamoja. Nene hutoa sauti kubwa, nyembamba sauti ndogo, na hiyo ndiyo namna pekee ya maana ya kuongeza au kupunguza sauti. Kifuniko kiwe wazi unapopiga, kwa kuwa ndicho kinachorusha sauti mbele.

Udhaifu wa kweli wa 102, hata ikiwa nzima kabisa, ni uzito wa kichwa chake juu ya santuri. Kila mpigo unakula kidogo. Kwa santuri za kawaida hilo linavumilika. Kwa santuri adimu ya Siti, au ya kikundi ambacho hujapata nakala yake nyingine, ipeleke kwanza inakiliwe kwa mashine ya umeme yenye mkono mwepesi na sindano ya mizunguko 78, halafu ndipo uiweke kwenye 102.

Vumbi jekundu la Tabora ni adui wa kila siku, na unyevu wa ziwani Kigoma huleta ukungu. Santuri ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, bila kulowesha karatasi ya katikati, ikaushwe mara moja kwa kitambaa laini. Spiriti usiiguse: inayeyusha laka, na ndani ya sekunde chache utakuwa umeufuta wimbo. Zisimamishwe wima, mbali na dirisha la jua. Zikilazwa kwa rundo, ya chini ndiyo inayopasuka.

Ikibidi mashine isafiri kwa treni kati ya Kigoma na Tabora, acha ufunguo uishe wote, vua kichwa cha sauti ukifunge kwa kitambaa na kukibeba mfukoni, funga mkono kwenye kishikio chake, na toa santuri zote kwenye kifuniko. Sahani yenyewe inyanyue kwenye ekseli na kuifungia peke yake. Ikiachwa, mtikisiko wa safari nzima unaishia kwenye ekseli, na ekseli iliyopinda hainyooki vizuri tena.