Uzoefu wangu: Kushiriki Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola kwa Kiswahili

Mwezi wa Oktoba 2023 niliwasilisha hadithi yangu ya Kiswahili katika Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, ile ambayo hadithi za washindi wake wa kanda huchapishwa na jarida la Granta la Uingereza. Sikushinda, wala hadithi yangu haikuingia katika orodha fupi. Hata hivyo, kila ninapokutana na waandishi wenzangu hapa Tanga huniuliza kama inafaa kujisumbua, na jibu langu ni kwamba inafaa, tena kwa Kiswahili, na sababu zake nyingi hazihusiani kabisa na fedha za zawadi.

Nianze na masharti, maana ndiyo yaliyonivuta. Kushiriki ni bure. Hadithi iwe ya kubuni, iwe haijawahi kuchapishwa, na iwe na maneno kati ya 2,000 na 5,000. Mada ni huru. Mwandishi awe raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na kila mtu hupeleka hadithi moja tu. Mwaka huo dirisha lilifunguliwa tarehe 1 Septemba na kufungwa tarehe 1 Novemba. Mshindi wa kila kanda kati ya kanda tano hupewa pauni 2,500, na mshindi wa jumla pauni 5,000. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazopokelewa pamoja na Kiingereza. Hadithi husomwa kwanza kwa lugha iliyoandikwa, na zile zinazopita mchujo hutafsiriwa ili majaji wote wazisome.

Uzito wa neno "bure" nilikuwa nimekwisha kuuonja. Miaka miwili kabla ya hapo nilishiriki shindano la mwaka la jarida jingine, ambalo sitalitaja, nikalipa ada kwa simu, na tangu siku ile sikupata hata ujumbe wa kuthibitisha kwamba mswada umefika. Nilipokuja kuyasoma tena masharti yao kwa utulivu, nikagundua kwamba kwa kupeleka tu nilikuwa nimewaachia haki zote za hadithi ile, iwe imeshinda au haikushinda. Kwa hiyo safari hii niliketi na masharti jioni nzima kabla ya kugusa fomu, na ninamsihi kila mwandishi afanye hivyo kwa shindano lolote lile.

Hadithi yangu inamhusu mwanamke muuza chai katika kivuko cha Pangani, pale pantoni inapovusha watu kwenda Bweni. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno 5,840, na kazi ya kupunguza yale 840 ndiyo iliyonifundisha kuliko warsha yoyote niliyowahi kuhudhuria. Mwanzoni nilidhani nitalazimika kumtoa mhusika mmoja mzima. Haikuwa lazima. Kiswahili kina ukarimu wake katika hesabu ya maneno: neno "alipowarudishia" peke yake limembeba mtenda, wakati, watendewa na tendo lenyewe, ilhali kwa Kiingereza lingehitaji maneno matano au sita. Anayeandika kwa Kiswahili kizuri, kwa hiyo, ana nafasi kubwa zaidi ndani ya maneno 5,000 kuliko anayejilazimisha kuandika kwa lugha ya kuazima.

Nilichogundua, na kiliniuma, ni jinsi nilivyokuwa nikiipoteza nafasi hiyo mwenyewe. Nilikuwa nimeandika "mwanamke ambaye alikuwa anauza chai", maneno matano, mahali ambapo "mwanamke muuza chai" ilitosha. Nilikuwa nimeandika "aliweza kuona" mara kumi na moja, na katika zote kumi na moja "aliona" ilitosha. Nilipomaliza kufagia "ambaye" na "kwamba" zisizo na kazi, na "katika" zilizokaa mahali pa "-ni", nilikuwa nimeshapunguza maneno zaidi ya 500 bila kugusa tukio hata moja, na hadithi ilianza kusikika kama inavyosimuliwa barazani.

Yaliyosalia niliyapunguza kwa msaada wa shangazi yangu, ambaye aliuza chai na vitumbua kwenye kivuko kile kwa miaka mingi. Nilimsomea mswada kwa sauti. Kulikuwa na ukurasa mzima niliokuwa ninauonea fahari, wa alfajiri ya siku ya bamvua, yaani siku ambayo maji ya bahari hujaa na kutoka kupita kawaida, ambapo abiria wanashuka pantoni na kukanyaga tope mpaka magotini huku mwanamke yule akiwasha jiko lake. Shangazi alinyanyua mkono kunisimamisha. "Mwanangu, siku ya bamvua alfajiri maji yako juu. Hilo tope umelitoa wapi? Tope la bamvua lisubiri saa nne."

Alikuwa sahihi kabisa. Katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa mnamo saa kumi alfajiri, na hutoka mpaka kuikausha fukwe mnamo saa nne asubuhi. Nikalihamishia tukio saa nne asubuhi, na hapo hadithi nzima ikageuka, kwa sababu wanaovuka saa nne si wavuvi wala wachuuzi wa alfajiri. Ni wagonjwa wanaokwenda hospitali na watu wenye kesi, yaani watu wenye jambo la kusubiri, na mtu anayesubiri hunywa chai akazungumza. Kurasa mbili za mazungumzo ya kulazimisha nikazifuta. Hadithi ikafika maneno 4,910.

Neno "bamvua" lenyewe lilinikosesha usingizi. Niliwaza kwamba msomaji wa Nairobi au wa Kigali huenda asilijue, achilia mbali mfasiri, na kwa siku kadhaa mswada wangu ulikuwa na maelezo marefu ya mwezi mpevu na kujaa kwa maji. Mwishowe niliyaondoa maelezo nikaliacha neno, kwa kuwa tope, pantoni iliyokwama na mwezi wa usiku uliotangulia vilishalieleza.

Upande wa kuwasilisha hauna mengi. Kila kitu hufanyika kwa fomu ya mtandaoni, na jina la mwandishi halitakiwi kuonekana popote ndani ya hadithi. Mimi nilikuwa na jina langu juu ya kila ukurasa, kwa mazoea ya miaka, na nililiona dakika za mwisho. Angalieni na jina la faili.

Orodha fupi ilitangazwa Aprili 2024: hadithi 23 kutoka kwa washiriki 7,359 wa nchi 53. Idadi hiyo naitaja ili mwandishi mpya asije akakichukulia kimya kuwa hukumu juu ya kipaji chake. Mwenyekiti wa majaji mwaka huo alikuwa Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda, ambaye mwenyewe aliibuka mshindi wa jumla mwaka 2014, na mshindi wa jumla wa safari hii alikuwa Sanjana Thakur wa India. Kwa kanda ya Afrika alishinda Reena Usha Rungoo wa Mauritius. Hadithi yake niliisoma siku ileile ilipotoka, na jina la hadithi hiyo ni neno la Kikreoli lenye maana ya chai. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Sikujuta tena kuliacha "bamvua" langu pale lilipo.

Nani ashiriki? Kwa maoni yangu, tuzo hii inamfaa mwandishi mwenye hadithi moja iliyoiva, anayejua kusubiri miezi sita bila kuuliza, na asiyetarajia maelezo ya kwa nini hakuchaguliwa. Mtanzania, Mkenya na Mganda wanaruhusiwa, na Mnyarwanda pia, kwa kuwa nchi yake ilijiunga na Jumuiya ya Madola mwaka 2009. Waswahili wenzetu walio raia wa Kongo, Burundi au Omani hawamo, na hilo linanisikitisha, kwa sababu baadhi ya Kiswahili kitamu ninachokisoma siku hizi kinatoka kwao.

Nitashiriki tena. Hadithi mpya iko mezani, ina maneno 4,200, na shangazi ameshaisikiliza nusu yake. Amenituma nikaulize bei ya mkaa ya mwaka ninaousimulia, kwa sababu anasema niliyoiandika si ya kweli.