Begi la kujifungulia la 185,000: kilichotumika na kilichorudi nyumbani na lebo yake

Mimba ilipofika wiki ya 34 nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kwenda Kariakoo kusukumana Mtaa wa Kongo kutafuta vifulana niliona ni adhabu. Ndipo nikakutana na tangazo mtandaoni: begi la kujifungulia, limekamilika, "unabeba tu unaenda". Shilingi 185,000 na linaletwa mpaka mlangoni. Lilifika kesho yake asubuhi, la pinki, lina matairi, linanukia kama duka la manukato. Nikalifungua kitandani, nikalipiga picha, nikalifunga. Kulikagua hata sikukumbuka.

Nimejifungulia hospitali ya serikali hapa Dar, kwa njia ya kawaida, mtoto wa kwanza. Ninayoyasema ni ya mazingira hayo. Mnaokwenda hospitali binafsi huenda mkapewa mpaka shuka, sijui mambo yenu.

Nianze na haki ya muuzaji. Mpira wa kutandika ulikuwa mzito na mrefu wa kutosha, si ule mwepesi unaojikunja ukikalia. Rola la pamba lilikuwa lile kubwa la gramu 500. Kibanio cha kitovu kilikuwa ndani ya pakiti yake iliyofungwa vizuri. Vyote vitatu vilitumika na nesi hakusema neno.

Neno lilikuja kwenye glovu. Ndani kulikuwa na pea tano, zile zinazochomolewa kwenye boksi. Nesi wa leba akazigeuza mkononi, akaniambia, "Mama, hizi nitakupimia. Za kukuzalishia ziko wapi?" Za kuzalishia ni zile tasa, kila pea ndani ya karatasi yake, zimeandikwa namba ya saizi, 7 au 7.5. Saa tisa usiku mume wangu akapanda bodaboda kutafuta duka la dawa lililo wazi, mimi njia imeshafika sentimita sita. Na hapa sitamtupia muuzaji lawama zote, maana orodha niliyoandikiwa kliniki ilikuwa imekunjwa ndani ya kadi yangu, na glovu tasa zimo. Sikuwahi kuiweka orodha pembeni ya begi nikalinganisha.

Sasa khanga. Begi lilikuja na doti mbili mpya, nzuri, bado zina karatasi ya dukani. Shangazi yangu alikuja kutoka Muheza wiki moja kabla. Hata chai hajamaliza akaomba aone begi. Akatoa khanga moja, akachovya vidole kwenye kikombe cha maji, akanyunyiza juu ya kitambaa. Matone yakasimama yakang'aa kama kwenye jani la magimbi. Akaniangalia. "Hii ndiyo ya kumfutia mtoto?" Khanga mpya ina wanga wa kiwandani, hainyonyi maji. Mtoto anatoka amelowa, anatakiwa akaushwe haraka asipate baridi, halafu wewe unamfuta na kitu kinachosukuma maji huku na huku! Shangazi akaziloweka zote usiku kucha, akazifua mara tatu, akaanika juani, akapiga pasi. Kisha akaenda kabatini kwangu akachomoa doti mbili za zamani, laini, zilizopauka mpaka jina limefifia, akaziweka juu ya zile mpya. Zile za zamani ndizo zilizofanya kazi yote. Moja ilimfuta mtoto, nyingine ikamfunika kifuani kwangu, ya tatu nikajifunga, ya nne ikaenda kwenye ndoo. Usiende na chini ya nne, na ukiweza beba sita.

Kitu kingine ambacho hakuna begi la kununua linaloweza kukupa ni mpangilio. Kule nilikojifungulia ndugu haingii leba. Unaingia na vichache, begi linabaki nje, nesi anakuja mlangoni anaita, "Ndugu wa fulani, leteni pedi!" Mume wangu hajui pedi iko wapi. Akafungua zipu, juu akakuta viatu vya mtoto, chini yake poda, chini yake kofia tatu zenye masikio ya sungura. Akavimwaga vyote kwenye benchi mbele ya watu. Mama mmoja aliyekuwa anamsubiri binti yake ndiye aliyemsaidia kutafuta. Na pedi zenyewe zilipopatikana zilikuwa za kawaida, zenye mabawa, za siku zako za kila mwezi. Damu ya uzazi haizuiliki na hizo. Nikamalizia na pamba na khanga mpaka asubuhi.

Vilivyorudi nyumbani na lebo zake: chupa ya kunyonyeshea, chuchu bandia, poda, sabuni ya maji ya mtoto, beseni la kukunja, viatu, na utepe wa kichwani wenye ua (nina mtoto wa kiume, lakini hata hivyo). Chupa nesi wa wodini aliiona ikichungulia kwenye mfuko wa pembeni, akaniambia niirudishe ndani kabla mkubwa wake hajapita, tena akakaa kabisa kitandani kunionyesha jinsi ya kumpachika mtoto kwenye titi. Sabuni na beseni havikuwa na kazi kwa sababu mtoto haogeshwi siku ya kwanza. Tuliambiwa tusubiri saa 24, anakaushwa tu na kuvalishwa.

Na ambavyo havikuwemo nikavitamani kwa uchungu wa pili: chupa ya chai, kikombe, sukari, ndala za kuingilia bafuni, chaja ya simu, na ndoo yenye mfuniko. Hiyo ndoo iandike kwa herufi kubwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, sasa khanga zenye damu utazibebea wapi? Shangazi alikuja nayo asubuhi pamoja na uji wa pilipili manga, nikanywa vikombe vitatu bila kuongea. Nusura nisahau: kadi ya kliniki isikae ndani ya begi kabisa. Iwe kwenye mkoba wako, maana ndicho kitu cha kwanza kuulizwa mapokezi, na ndimo kundi la damu limeandikwa.

Nyota mbili kati ya tano. Mpira, pamba na kibanio ningevipata duka la dawa, vifulana ningenunua vinne vyenye vifungo mbele, na chenji ingebaki ya bajaji ya kurudi nyumbani.

Wiki mbili baadaye nilimwandikia muuzaji kwa upole, nikamweleza ya glovu, pedi na khanga. Akajibu papo hapo: "Hongera sana mpenzi 🎉 Tuna begi la arobaini pia, nikuwekee la bluu?"