Polariskopu ndogo ya mezani kwa mawe ya vito: uzoefu wangu

Polariskopu ina swali moja tu inalojibu: je, jiwe hili linagawa mwanga njia mbili au haligawi? Wanunuzi wengi huisusa kwa kuidai majibu isiyoyajua. Ninayotumia ni ya bei ya chini: taa ya LED chini, kichujio cha polaroidi (kinachopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu) juu yake, sahani inayozunguka, halafu kichujio cha pili kinachozungushwa kwa vidole. Naipenda na ningeinunua tena, ila haiko tayari kwa kazi siku inapotoka kwenye boksi.

Anza bila jiwe. Washa taa, zungusha kichujio cha juu mpaka giza litande, na giza hilo liwe la kweli. Ya kwangu ilibaki na ukungu wa kijivu wenye mabaka, kumbe ngozi ya plastiki ya kulinda kichujio ilikuwa haijabanduliwa. Plastiki iliyovutwa kiwandani nayo inagawa mwanga, ndiyo maana inaharibu kipimo. Ukiibandua na ukungu ukabaki, kagua sahani. Kama ni ya plastiki, kata kioo cha kipimo hicho uibadilishe. Na jiwe litoe kabisa kwenye pakti ya nailoni, kwa sababu pakti itawaka nawe utadhani ni jiwe.

Sasa weka jiwe na uzungushe sahani duara zima, taratibu. Jiwe likizima na kuwaka mara nne, yaani kila nyuzi 90, linagawa mwanga: tanzanaiti, rubi, tomalini, zumaridi, kwatzi. Likibaki giza muda wote, haligawi: ganeti, spineli, almasi, na kioo cha kawaida. Likibaki angavu muda wote bila kuzima, kama kalsedoni, basi ni mkusanyiko wa fuwele ndogo ndogo zilizoelekea kila upande.

Kosa linaloharibu hukumu nyingi ni kupima upande mmoja. Kila fuwele inayogawa mwanga ina mwelekeo mmoja au miwili ambamo haigawi, na ukiitazama kwa mwelekeo huo inakaa giza kama spineli. Rubi ndiyo hatari zaidi, maana mara nyingi hukatwa uso wake mpana ukielekea mwelekeo huo ili rangi nzuri ionekane. Ukiilaza kifudifudi, inakaa giza. Ishike kwa kibano, ilaze ubavu, kisha ubavu mwingine. Mimi sisemi “haligawi” kabla ya kupima pande tatu. Kwa mtu anayenunua mawe mekundu ya Mahenge, ambako spineli na rubi zote hutoka, dakika hizo mbili ni mali.

Ugumu wa pili ni mawe yanayodanganya. Kioo na ganeti vikiwa na mkazo ndani yake huonyesha michirizi inayojikunja kama nyoka jiwe linapozunguka, na mtu hukimbilia kusema linagawa. Dawa yake: zungusha jiwe hadi mahali linapong'aa zaidi, liache hapo, kisha geuza kichujio cha juu nyuzi 90. Likiongezeka mwanga waziwazi, haligawi. Ulichoona ni mkazo. Likibaki vilevile au likififia, linagawa. Kipimo hiki huyumba kwenye ganeti nyekundu, kwa hiyo hapo usikitegemee peke yake.

Jiwe lililokatwa vizuri linaweza pia kuonekana jeusi kwa sababu nyuso zake zinarudisha mwanga chini. Litumbukize kwenye kisahani cha kioo chenye maji safi upime upya. Jiwe lisilopitisha mwanga liache. Hapa halina jibu.

Mipaka yake ni hii. Tsavoraiti, yaani ganeti ya kijani, na kioo cha kijani vyote hukaa giza, kwa hiyo polariskopu itakutenganishia tsavoraiti na tomalini ya kijani tu. Rubi ya kiwandani huwaka na kuzima sawasawa na ya mgodini, kwa kuwa ni fuwele ileile.

Tanzanaiti ndiyo inayohitaji vifaa viwili. Kioo cha bluu polariskopu inakikamata, ila forsteraiti ya kiwandani inayouzwa kwa jina la tanzanaiti inapita, maana nayo inagawa mwanga. Tofauti ni kiasi cha kugawa. Kalsaiti, madini ambayo mwanasayansi wa Denmark Erasmus Bartholin aliyaeleza mwaka 1669, ina tofauti ya 0.172 ya kiwango cha kupinda mwanga kati ya njia hizo mbili, ndiyo sababu ukiiweka juu ya gazeti kila herufi inaonekana mara mbili. Tanzanaiti ina kama 0.009, jicho halioni kitu. Forsteraiti inazidi 0.03. Shika lenzi ya mkono ya 10x, tazama kupitia uso mpana hadi kwenye kingo za nyuma, na uligeuzegeuze jiwe kidogo kidogo. Kingo za tanzanaiti zinabaki mstari mmoja. Za forsteraiti zinaachana na kuwa mistari miwili inayokwenda sambamba.