Walinifutia Gor Mahia yangu: uzoefu wangu na kibanda cha PS2 Kondele

Niseme mapema: gemu ni tamu, padi zao ni nzima, bei haina shida, na mimi sirudi pale. Labda siku ambayo yule kijana hayuko zamu.

Gemu zilikuwa zimenichosha kabisa. Nyumbani nina mashine mpya na gemu ambazo nyingine sijawahi hata kuzifungua, lakini jioni nikitoka kazini nilikuwa napanda na kushuka kwenye ile orodha mpaka usingizi unanichukua. Ile ya mpira ya kila mwaka ndiyo usiseme. Kwanza inakula bando kwa masasisho, ikishiba inaanza kukuuzia pakiti za wachezaji. Rafiki akaniambia kuna kibanda upande wa flaiova ya Kondele, Kisumu, bado wana PS2, ile PlayStation ya kitambo, wanatoza kwa saa. Nikafukua droo mpaka nikaipata memori kadi yangu ya zamani.

Kwa waliozaliwa juzi: kadi ya PS2 ni ya MB 8. Picha mbili tatu za simu ya leo na imejaa. Na gemu nyingi za wakati ule hazikuwa zinajiseivu zenyewe, stima ikipotea kabla hujaseivu unaanza upya. Kadi ndiyo ilikuwa kila kitu. Watu walikuwa wanatembea nayo mfukoni kama kitambulisho.

Kwenye yangu kulikuwa na PES 6, gemu ya mpira, ile ya 2006. Chelsea inaitwa London FC, Liverpool inaitwa Merseyside Red, sababu ya mambo ya leseni. Inter tuliipiga marufuku mtaani kwetu kwa ajili ya Adriano, shuti lake lilikuwa na nguvu 99 na mguu wa kushoto haukuwa na huruma na kipa yeyote. Lakini mimi raha yangu ilikuwa kule kwenye kuhariri. Nilitengeneza Gor Mahia, timu ya mpira ya Kenya. Majina herufi moja moja kwa padi, jezi ya kijani, nembo nimechora nukta kwa nukta, wachezaji mmoja mmoja mpaka wenye vipara. Dennis Oliech, mshambuliaji wa Kenya, wakati huo alikuwa anacheza Ufaransa, mimi nikamvisha kijani. K'Ogalo, yaani Gor wenyewe, walikuja kumsajili 2019. Walichelewa.

Basi nikachomeka kadi pale kibandani, na ikasoma! Timu nzima ikatokea, hadi nembo yangu iliyopinda. Nilipiga kelele mpaka watoto waliokuwa wanacheza kando wakageuka. Nikacheza Master League, ile ya kuongoza timu msimu baada ya msimu, na kina Castolo na Minanda, wale wachezaji wa kubuni unaopewa mwanzoni ambao hawawezi hata kupiga krosi, na nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi na mashine yangu ya bei ya ng'ombe.

Kisha nikabadilisha, nikaweka GTA San Andreas, ile gemu ya magenge unayocheza kama CJ. Ile kazi ya kufukuza treni kwa pikipiki, mwenzake Big Smoke amekaa nyuma anapiga risasi kila mahali isipokuwa panapotakiwa, bado inakera vilevile. Nilipoimaliza nikarudi nyumbani kwa CJ pale Grove Street nikaseivu, gemu ikasema kadi haina nafasi. Wakati huohuo simu ya kazini ikalia, nikatoka nje kuipokea.

Narudi, kijana wa zamu amekaa kwenye kiti changu, padi mkononi.

"Jaduong', kadi yako ilikuwa imejaa takataka za kitambo. Nimekusafishia."

Nilimuuliza amefuta nini. Hakujua. Yeye aliona faili kubwa akaifuta. Nikafungua PES. Hakuna Gor, hakuna Oliech, jezi zote zimerudi zilivyotoka kiwandani. Nikamwambia alichofanya. Akanijibu, bila kuniangalia, "Si ni gemu tu? Pakua tena." Pakua kutoka wapi? Nani ameiweka Gor Mahia yangu mahali popote duniani? Mlangoni kulikuwa na mtu anangoja zamu yake, akacheka. Na mimi jaduong', mzee, tangu lini? Sina hata mvi.

Lakini kilichonichemsha hasa si hicho. Tulipomaliza kubishana, kijana akaangalia saa yake akaniambia muda umepita, nimwongezee pesa. Alikuwa amehesabu na dakika za ugomvi! Afute timu yangu, anitukane, halafu anilipishe muda wa kutukanwa.

Mwenye kibanda alikuja baadaye, mama mmoja mtaratibu sana. Akasema, "Pole, baba, huyu ni mtoto, hajui," akanipa saa moja ya bure. Nilitaka kuikataa. Nilikuwa nimeshasimama, nimeshavaa jaketi.

Nikakaa. Nikafungua sehemu ya kuhariri nikaanza upya, G, O, R, na mara stima za barabarani zimewaka na sijashika simu jioni nzima. Hapo ndipo hasira yangu inapokosa mguu, kwa sababu hilo halijanitokea na gemu yoyote kwa muda mrefu sana. Sijui nimshukuru nani, na yule kijana hawezi kuwa yeye.

Nyota moja. Haya, mbili, ya pili ni ya mama. Kwa gemu peke yake ningetoa zote tano, lakini gemu si zao. Oliech nimeshamrudisha na kasi nimemwongezea kidogo, wa kulalamika alalamike. Kadi sasa haikai kwenye mashine nikisimama. Hata chooni naenda nayo.