Kozi ya rangi za maji kwa kunakili mchoro wa Millet: anga nimefundishwa, mabua nimejitafutia

Nimeimaliza jana usiku. Masomo manane ya video, na kazi ni moja mwanzo mpaka mwisho: kunakili kwa rangi za maji ule mchoro wa Mfaransa Jean-François Millet wa mwaka 1857, wanawake watatu kondeni wakiokota masazo baada ya mavuno. Mimi brashi mara ya mwisho niliishika shule ya msingi, kwa hiyo haya ni maneno ya mwanafunzi, si ya fundi.

Somo la anga ni zuri mno. Unalowesha sehemu yote ya juu kwa maji matupu, unangoja ule mng'ao upungue kidogo, ndipo unagusisha rangi, nayo inatambaa yenyewe. Mwalimu hapo hasemi sana, anaishusha kamera pembeni ya karatasi ili uuone mng'ao wenyewe. Mimi na haraka zangu, rangi ilikuwa imeanza kukauka nikaongeza tone la maji eti nisawazishe. Lo! Maji yakaisukuma rangi, likatoka doa lenye kingo za vipindopindo kama ua la koliflawa, katikati ya mbingu ya Ufaransa. Anga nimeirudia mara nne.

Kuhusu vifaa wameandika tu "karatasi nzito". Nzito kiasi gani? Ya gramu 190 kwa mita ya mraba ilinivimbia, ikawa mabonde na vilima, rangi yote ikakimbilia mabondeni. Nilipohamia ya pamba ya gramu 300 na kuibana kingo zote kwa utepe wa gundi, ikatulia.

Lakini lawama yangu kubwa ni nyingine. Millet alipaka rangi za mafuta, na mafuta yanakuruhusu kuweka njano nyepesi juu ya kahawia iliyokolea. Rangi za maji hazikupi nafasi hiyo. Weupe wako ni karatasi yenyewe, na ukishaufunika umeufunika. Sasa, konde la mchoro huu limejaa mabua yanayong'aa, na mwanga umekaa migongoni mwa wale akina mama. Kwamba mabua yaachwe wazi tangu mwanzo, mwalimu anakuja kulitaja somo la tano. La tano! Udongo wote nilishaupaka somo la tatu. Nikachukua wembe, nikawa nakwangua kwa ncha, bua moja moja, kwenye karatasi iliyokauka kabisa. Cha ajabu, mabua hayo ndiyo yanayosifiwa na kila anayeiona kazi yangu.

Kwenye vivuli wamenisaidia: hakuna kutumia nyeusi ya kopo. Unachanganya bluu ya ultramarini na siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu, unapata kijivu: ukizidisha bluu kijivu kinapoa, ukizidisha siena kinapata joto. Sketi zote tatu nimezitoa humo. Kilemba cha bluu cha yule wa kushoto, aliyeukunjia mkono mmoja mgongoni, nilikiweka kikali hadi nikaogopa, kumbe kikikauka kinapauka na kukaa sawasawa.

Na kuna jambo limeniudhi kweli. Mbali kule kulia, kwenye mchoro wa Millet, kuna msimamizi juu ya farasi, mdogo kama inzi, karibu na malundo ya mavuno. Kozi imemwondoa "ili kurahisisha". Umrahisishie nani? Bila yeye na yale malundo, hawa ni wanawake watatu waliodondosha kitu. Nimemrudisha mwenyewe kwa ncha ya brashi namba 2: mguso mmoja wa farasi, mmoja wa kiwiliwili, nukta ya kichwa. Haikuchukua hata dakika.

Nyota tatu na nusu. Ukiinunua, tazama somo la tano kabla hujagusa la tatu.